Mpiga Kanuni Akipitisha Daftari



Leo nazungumzia mchango. Najua wapo waliokwisha kunyoosha mkono wazime redio, maana mwezi huu simu zimefurika michango: wa harusi, wa msiba, wa hospitali, wa kumuaga bibi harusi, wa kumkaribisha bwana harusi. Tulizaneni. Sikuombeni hata senti. Nataka tuutazame mchango wa aina moja tu, ambao ukiingia kwenye kundi la simu watu huukodolea macho, wasijue wacheke au watoe.

Ujumbe ulionifikia ulikuwa mfupi. Kijana mmoja wa Unguja, mpiga kanuni katika taarabu asilia, alieleza kwamba kanuni anayotumia ni ya kuazima, ubao wake umepinda, na haimalizi nyimbo tatu bila kuachia. Akawaomba jamaa, marafiki na wapenzi wa taarabu wamsaidie kununua iliyo bora. Akaweka namba ya simu. Chini yake, kama ilivyo ada, orodha: moja, nukta, pengo. Mbili, nukta, pengo. Tatu, nukta, pengo.

Wa kwanza kujibu aliweka alama ya mikono ya dua. Wa pili akauliza, "Kwani hiyo uliyonayo hailii?" Wa tatu alitaka kujua tangu lini chombo cha jadi kikauzwa mamilioni kama pikipiki. Wa nne akakumbusha kikao cha harusi ya Jumapili na kwamba kadi za watu wawili wawili zimepanda bei. Orodha ya kanuni ikazama, ya harusi ikapanda juu.

Sitaki kuwacheka waliouliza. Maswali yao ni ya haki: mpiga muziki mwenye chombo kinacholia anataka nini zaidi, na kwa nini nilipe mimi? Nitayajibu yote mawili, na nitakueleza mapema ninakoelekea. Kanuni katika visiwa hivi haijawahi kununuliwa na mpigaji peke yake. Daima palikuwa na mtu au watu nyuma yake. Leo watu hao wameondoka, na ombi la yule kijana ni kile kiti chao kikiwa kitupu.

Tuanze na chombo chenyewe, maana wengi wetu tunakisikia kila siku bila kukiona. Kanuni ni sanduku bapa la mbao, upande mmoja umenyooka na mwingine umekatwa mshazari, linalokaa mapajani mwa mpigaji au juu ya meza ndogo. Iliyo ya kawaida ina nyuzi 78. Zimepangwa tatu tatu, kila tatu sauti moja, kwa hiyo ni sauti 26. Upande wa kulia wa mpigaji, ubao umekatwa madirisha, na madirisha hayo yamewambwa ngozi, ya samaki au ya mbuzi. Juu ya ngozi hiyo ndipo daraja linapoweka miguu yake, na juu ya daraja zinapita nyuzi zote. Mpigaji huvaa pete kwenye vidole viwili vya shahada, akachomeka risha kati ya pete na kidole, na hapo ndipo panapotoka ile sauti ya matone inayomtangulia mwimbaji na kumsindikiza.

Siku moja nenda kwenye onyesho la taarabu asilia mapema, kabla viti havijajaa. Utamkuta mpiga kanuni amekwisha fika, ufunguo mkononi, sikio limeinama. Anapiga uzi wa kwanza, anauzungusha kidogo, anauacha. Anapiga wa pili wa sauti ile ile. Haulingani na mwenzake: sauti mbili zinagombana, unasikia mtetemo kama kitu kinachotikisika ndani ya sanduku. Anavuta kidogo, mtetemo unapungua, unakwisha. Anakwenda wa tatu. Hizo ni nyuzi tatu, na bado 75. Ukimpa nusu dakika kwa kila uzi ni dakika 39, na hapo chombo kiwe kizima. Kikiwa kibovu, akifika uzi wa sitini, wa kumi umekwisha shuka.

Sasa mweke mtu huyo katika hali ya hewa yetu. Masika yakiingia, ngozi inanyonya unyevu na kulegea. Daraja linazama kidogo, na likizama yeye hapotezi uzi mmoja, nyuzi zote 78 zinashuka pamoja. Mbao nazo hufura, gundi hulainika. Kisha jioni anaitwa hotelini, ukumbi una kiyoyozi cha kutetemesha meno. Anatoka kwenye joto la Mji Mkongwe na kuingia kwenye baridi kavu. Ngozi iliyolegea sasa inakaza, na nyuzi zinapanda. Ameanza kulinganisha mara mbili usiku mmoja. Kanuni ya fundi mwenye kujua kazi, iliyotengenezwa kwa mbao zilizokaushwa miaka, yenye ubao wa vigingi ulioshika, hupambana na hali hiyo. Kanuni ya bei poa ya watalii, ile inayouzwa kama pambo la ukutani, haiwezi.

Na kuna jambo la pili, ambalo aliyeuliza "hailii?" hakulijua. Upande wa kushoto, karibu na vigingi, kanuni ya kisasa ina safu za vibati vidogo vya chuma vinavyoinuliwa na kulazwa kwa ncha ya kidole. Ukiinua kibati, uzi unafupika kwa unywele na sauti inapanda kidogo mno. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa ukucha wa dole gumba la kushoto: mpigaji anaukandamiza uzi papo hapo, huku mkono wa kulia ukiendelea. Ilihitaji ustadi mkubwa, na bado ilimfunga. Vibati vilipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, mpigaji aliweza kuhama maqamu, yaani ngazi ya sauti, katikati ya wimbo bila kusimama.

Maqamu ndiyo roho ya mambo. Chukua Bayati. Sauti yake ya pili haikai mahali ambapo kinanda cha kawaida kina kitufe. Inakaa kati ya hatua ya nusu na hatua nzima. Ni sauti ile inayomfanya mama aliyeketi safu ya tatu atikise kichwa na kusema "Allah!" kabla hajajua kwa nini. Kanuni inayo. Udi unayo, fidla inayo, kwa sababu hazina vizuizi vya vidole. Akodiani haina, na kwa kuwa bendi zetu za Unguja zimeipenda akodiani kwa miaka mingi, nyimbo nyingi zimejifunza kuizunguka sauti hiyo. Kanuni ikiwa na vibati vilivyolegea, au vilivyong'oka, au vilivyopangwa ovyo, mpigaji naye ataizunguka. Atacheza salama. Nasi tutasema taarabu ya siku hizi haina ladha ya zamani, tumlaumu mwimbaji.

Wapo watakaosema: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mpigaji hodari atapiga hata kanuni ya kuazima. Kweli, atapiga. Lakini mvuvi hodari mwenye nyavu zilizooza pia huvua, na hakuna anayemwambia kwamba matundu ndiyo jadi yetu.

Nimelitaja neno jadi kwa makusudi, kwa sababu yule wa tatu kwenye kundi, aliyeshangaa bei, alikuwa na wazo ambalo wengi tunalo: kwamba chombo cha asili ni lazima kiwe rahisi, cha kuokoteza, na kwamba anayetaka kilicho bora ameanza kujitia uzungu. Historia ya vyombo vyenyewe haikubaliani nasi. Nyatiti ya Waluo, nyuzi zake nane zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Leo wapigaji wengi wanafunga mshipi wa kuvulia samaki, kwa sababu haukatiki ovyo na hauogopi mvua. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefanya kazi yake Bagamoyo na kuipeleka ilimba na zeze katika kumbi za Ulaya, hakuridhika na ilimba ndogo ya kijijini. Alitengeneza kubwa, zenye vyuma vingi zaidi, ili zibebe muziki aliokuwa nao kichwani. Alipofariki mwaka 2003 hakuna aliyesema aliiharibu asili ya Ugogo.

Na Mombasa? Muulize mzee yeyote wa Mji wa Kale kuhusu taishokoto, atakuambia ni chombo cha taarabu ya Mombasa, basi. Chombo hicho kilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, kikapita Bahari ya Hindi na kuingia harusini kwetu. Hatukukiuliza hati ya kusafiria. Kilipendeza, kikakaa, kikawa chetu.

Ukweli ni kwamba vyombo vya asili vimedumu kwa sababu watu waliovipenda walivirekebisha, wakavigharimia, wakavibadilisha nyuzi na ngozi. Gambusi, kile kidude cha kuchongwa kwa gogo moja na kuwambwa ngozi, kilikuwa kikilia pwani yote hii kabla ya udi kutawala. Leo ukitaka kukisikia kwa mtu aliye hai, itakubidi umtafute kwa taa. Hakuna aliyekikataza. Hakuna aliyekigharimia, tu.

Hapo tunafika kwenye swali la pili: kwa nini nilipe mimi?

Tazameni kanuni ilivyofika Unguja. Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivutiwa na muziki wa Misri, akaleta wapigaji kutoka huko, kisha akampeleka Cairo kijana wake, Mohamed Ibrahim, akasomee muziki na kanuni. Aliporudi, muziki ukaanza jumbani. Sasa jiulize: nauli ya Mohamed Ibrahim alilipa nani? Kanuni aliyorudi nayo? Chakula cha miaka ya kujifunza? Sultani. Taarabu yetu, tunayoisifu kuwa ya kwetu damudamu, ilianza kwa mtu mmoja mwenye uwezo kumlipia mtu mmoja mwenye kipaji.

Sultani alilipa kwa starehe yake. Waliokuja baadaye walilipa kwa starehe ya wengi. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda Ikhwani Safaa, chama cha muziki kilicho hai mpaka leo. Hawakuwa masultani. Walikuwa wanachama, na chama kinakwenda kwa ada na michango. Ndio wakati ule ulipozaliwa utaratibu ambao ningependa tuukumbuke: vyombo ni vya chama, nyumba ni ya chama, mwanachama asiyejua kupiga hata tari huchangia kwa sababu jioni atakaa barazani asikilize. Yeye pia ni mwenye taarabu. Wazee wetu hawakuona aibu wala kero kununua fidla ambayo hawataishika.

Kisha ikaja serikali. Culture Musical Club, iliyoanzia katika harakati za vijana mwaka 1958, ikalelewa baada ya Mapinduzi chini ya wizara yenye dhamana ya utamaduni. Wapigaji wakapata mwamvuli. Lakini serikali ina shule, hospitali na barabara, na kanuni haipigi kelele kwenye bajeti.

Huu ndio mnyororo: mfalme, chama, serikali. Sasa sogeza macho hadi leo uone nani kabaki.

Tangu miaka ya tisini taarabu ya kisasa imeshika soko. East African Melody na waliofuata waliuonesha ulimwengu wetu kwamba kinanda kimoja cha umeme, gitaa mbili na mwimbaji mwenye maneno makali vinatosha kujaza ukumbi. Sina ugomvi na rusha roho, kama taarabu hiyo inavyoitwa. Watu wanaipenda, na mapenzi hayana hakimu. Lakini hesabu yake ni kali kwa wengine. Mwenye harusi akiletewa bei ya watu watano na bei ya watu ishirini, atachukua ya watano. Na ndani ya kile kinanda mna kitufe kilichoandikwa sauti ya kanuni. Ukikibonyeza, unapata kitu kinachofanana na kanuni, bila ngozi, bila masika, bila dakika 39.

Kinachobaki kwa taarabu asilia ni hoteli, matamasha kama Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, na harusi za wachache. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kile watu wanachokiita DCMA, kilichofunguliwa mwaka 2002 na kufundisha kanuni, udi, fidla na ngoma kwa vijana ambao wazazi wao hawana uwezo, kilitangaza hadharani mwaka 2019 kwamba huenda kikafunga milango kwa kukosa fedha, maana wafadhili waliokibeba walikuwa wameondoka. Chuo kizima, hicho. Kijana mmoja mwenye kanuni iliyopinda atakwenda mlango gani?

Bara kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, unaokopesha wasanii. Ni jambo jema. Lakini mkopo unarudishwa, na kanuni haizai haraka. Mwenye studio hukopa akarekodi watu. Mpiga kanuni hukopa, akapiga kanuni.

Na hapa nataka tuitazame pesa inavyotembea ukumbini, kwa sababu ndipo jambo lenyewe linapojitokeza. Mwimbaji anapofika kwenye ubeti unaokuhusu, wewe dada unainuka. Unakwenda kwa mwendo wa maringo, noti iko juu kati ya vidole viwili ili aliyelengwa aione, unamtunza mwimbaji, unarudi kwa mwendo ule ule. Mwenzako anainuka. Wimbo mmoja unaweza kuinua watu kumi. Mcheza kwao hutuzwa, na sisi katika hilo hatuna mkono wa birika.

Lakini noti hizo zote zinakwenda kwa mwimbaji. Katika vikundi vingi huingia mfuko wa kikundi, zikagawanywa, safi kabisa. Zikigawanywa zinakuwa nauli, sahani ya biriani, na kidogo cha nyumbani. Hazigeuki kanuni. Yule aliyekaa kwa nyuma, aliyeufungua wimbo kwa taksimu ya dakika tatu iliyokufanya unyamaze na kuweka soda chini, hakuna aliyeinuka kwa ajili yake. Si kwa ubaya. Mikono yake imejaa, na hatuna mila ya kumtunza mtu aliyeinamisha kichwa.

Kwa hiyo sauti tunailipia, na tunailipia vizuri. Chombo kinachoitoa hakina mlipaji. Ndiyo maana mpigaji amepitisha daftari. Hajaleta desturi ngeni. Ameifufua ya 1905, isipokuwa hana chama nyuma yake, ana simu tu.

Bei nayo haina huruma. Kanuni ya kufanyia kazi, kutoka kwa mafundi wa Istanbul au Cairo, inaanzia huko juu ya dola elfu moja, na ya fundi mwenye jina hupita hapo mara kadhaa. Kwa viwango vya miaka hii unaongelea zaidi ya shilingi milioni mbili na nusu kabla hujaweka mkoba mgumu, usafiri, ushuru na kodi. Ni pesa nyingi kwa mpigaji. Kwa kamati ya harusi ya wastani ya Dar es Salaam, ni fungu la vinywaji na mapambo, na pengine halitoshi.

Sisemi tuache harusi. Mpiga kanuni mwenyewe anakula harusini. Nasema tu kwamba jamii inayoweza kukusanya fedha hizo kwa wiki sita, kwa vikao, mweka hazina na mtu wa kukumbusha ahadi, haiwezi kusema haina uwezo wa kununua kanuni moja. Uwezo tunao, na ufundi wa kuchangishana tunao kuliko mataifa mengi.

Kuna jambo lingine linalonikera kidogo, mniruhusu. Kule Kilwa na Lindi kunamea mpingo, mti ambao klarineti na obo za okestra za dunia hutengenezwa kwao, na zile zumari za Uskoti zinazopigwa kwa mfuko wa hewa pia. Vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na kuuza mpingo wao kwa heshima. Vizuri sana. Kijana wa Edinburgh anayechangisha fedha apate zumari bora, anachangisha fedha zinunue kipande cha Lindi. Kijana wa Unguja anachangisha anunue mti wa Uturuki. Mbao zetu zinakwenda kuwa muziki wa watu, na muziki wetu unangojea mbao za watu.

Mtu ataniambia, basi tutengeneze kanuni hapa hapa. Tuna mafundi wa milango ya nakshi, tuna mafundi wa majahazi. Ndoto nzuri, lakini tusiruke ngazi. Kuchonga nakshi ni kazi moja. Kupasua ubao wa unene unaoitika, kuwamba ngozi kwa kipimo na kupanga mamia ya vibati ambavyo kimoja kikikosea kwa unywele kinakupotezea maqamu, ni kazi nyingine. Ngazi ya kwanza ni fundi wa kutengeneza. Leo daraja likivunjika, au ngozi ikipasuka, chombo huwekwa juu ya kabati kikingojea mgeni kutoka Cairo. Mafundi wawili tu waliosomea kubadilisha ngozi na kurudisha vibati wangerudisha kazini kanuni kadhaa zinazolala vumbini. Anayetaka kutoa msaada mkubwa, huo hapo.

Sasa turudi kwenye orodha yenye mapengo. Mimi ni mtu wa kutoa, lakini si mtu wa kutoa macho yamefumbwa, na nadhani tuliosikia ombi hili tuna haki ya kuuliza. Kuuliza ndiko kunakotutofautisha na watoa sadaka. Mwanachama huuliza.

Uliza kanuni ipi. Ya Kituruki na ya Kiarabu si kitu kimoja. Ya Kituruki huwa ndogo kidogo, na ina vibati vingi zaidi, kwa sababu Waturuki huikatakata hatua ya sauti kwa vipande vidogo kuliko Waarabu. Mpigaji anayejua anachotaka atakujibu papo hapo, atakutajia na fundi. Anayesema "yoyote itakayopatikana" bado hajajiandaa, mwambie arudi.

Uliza kama nyuzi zimo kwenye hesabu. Chombo chenye nyuzi 78 ni chombo chenye njaa, na dukani Darajani huzikuti. Ombi lililohesabu chombo na kusahau nyuzi litarudi kwenu baada ya masika mawili.

Uliza itakuwa ya nani. Hili ni gumu, na wazee wa vyama wanalijua. Chombo cha wote aghalabu hakina wa kukifuta vumbi. Chombo cha mtu hutunzwa kama mboni ya jicho, ila siku akipata mkataba Muscat au Oslo huondoka nacho. Kwangu mimi, iwe yake. Mpigaji na kanuni yake huzoeana, na mtu hazoei cha kupokezana. Lakini iwe yake kwa sharti lililoandikwa: kwamba atafundisha juu yake. Wapiga kanuni wazuri wa visiwa hivi ni wa kuhesabika. Rajab Suleiman, aliyeipeleka kanuni ya Unguja duniani akiwa na Culture, na baadaye na kikundi chake cha Kithara, hakuota kama uyoga; kuna waliomwachia nafasi ya kujifunza. Anayechangiwa na umma aurudishie umma angalau mwanafunzi mmoja, na nitafurahi zaidi mwanafunzi huyo akiwa msichana.

Na uliza ile mbovu inakwenda wapi. Isirudishwe juu ya kabati. Ubao uliopinda hautanyooka, lakini ukiwambwa ngozi mpya na kupunguziwa mvutano, unamtosha anayejifunza kuvaa risha na kutofautisha maqamu ya Rasti na ya Hijazi. Mchango mmoja basi utakuwa umeweka kanuni mbili kazini.

Akikujibu hayo yote, usingoje kuwa wa kumi. Orodha yenye pengo katika namba moja hubaki na mapengo. Yenye majina mawili hujijaza. Na kiasi si lazima kiwe kikubwa. Ile noti ambayo ungemtunza mwimbaji kwa ubeti mmoja, mtangulize nayo mpiga kanuni kabla wimbo haujaanza.

Kisha mdai. Mdai wimbo, mdai jioni ya wazi mtaani ambapo waliochanga watakaa mbele bila kiingilio, mdai picha ya chombo na risiti ya fundi. Akipiga ovyo, mwambie. Akipiga vizuri, mwambie pia, kwa sauti ya kusikika. Hivyo ndivyo barazani kwa Ikhwani Safaa walivyowalea wapigaji wao, kwa mfuko na kwa ulimi.

Muda wangu unanikimbia, na mtayarishaji ananiangalia kwa jicho la kwenda habari. Nami nimemjibu kijana kwenye kundi, nikamwuliza hayo manne, akajibu yote isipokuwa la nyuzi. Anakwenda kulihesabu upya. Akirudi, namba moja naichukua mimi. Nanyi mnaofuata nina ombi dogo, maana mnajua makato ya simu yalivyo: mkituma, tumeni na ya kutolea.